Kimya cha Pampu

Maji ya kanjo huja Komarock Alhamisi,
usiku wa manane, yakikohoa mferejini
kama mgeni aliyekosea mlango.
Nayakinga kwa pipa. Siyapeleki kidimbwini.
Yanalala siku mbili bila kifuniko, klorini ipae,
maana maji yaliyotakaswa kwa ajili yangu
ni sumu kwa walio chini.

Hilo nililijua kwa hasara.

Mama alinifunza kusugua sufuria kwa majivu
hadi uso wangu unitazame kutoka kitakoni mwake.
Basi mwezi wa kwanza, nilipofungua chujio
nikakuta utelezi wa kahawia umeganda kwenye kokoto,
niliona aibu, kana kwamba wageni wako sebuleni.
Nikazimwaga karaini,
nikazisugua mojamoja chini ya mfereji
zikang'aa kama meno ya mtoto.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele.
Ngege wakaja juu, midomo duara,
wakiomba hewa isiyo yao.
Kichupa cha kupimia, nilipokitikisa,
kikaacha manjano, kikashika kijani,
kijani cha parachichi bichi, kijani cha amonia.

Kumbe utelezi ule ndio uliokuwa ufagio.
Viumbe visivyoonekana, vimepanga kwenye kokoto,
kodi yao ni kula mavi ya samaki
na kuiandalia sukuma wiki mlo wake.
Nilifukuza wapangaji wote asubuhi moja
nikaita kitendo hicho usafi.

Sasa sponji naikamua ndani ya ndoo
ya maji yaleyale ya kidimbwi,
mara mbili, si zaidi. Inabaki chafu kiasi.
Mkono bado unawasha kuendelea.
Naurudisha mfukoni.

Ilibaki pampu, na ilibaki Bwana Lusweti,
ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja.
"Mama Moraa, hiyo mashine inanguruma kichwani mwangu."
Nikaiwekea kipande cha godoro.
Akasema sasa inanguruma godoroni.
Miezi mitano hatukusalimiana ila kwa kikohozi.

Halafu Julai, baridi ya kuuma masikio,
stima ikapotea saa nane usiku.
Mimi nilikuwa usingizini, fofofo.
Aliyegonga lango ni yeye, blanketi begani,
viatu vya miguu tofauti.
"Kimya kimeniamsha," akasema,
kwa sauti ileile ya malalamiko.
"Samaki wako wana nini?"

Tukashika majagi.
Chota, inua hadi kimo cha bega, mwaga,
maji yaanguke yakivunjika,
yabebe hewa kwenda nayo chini.
Chota. Inua. Mwaga.
Vidole vikafa ganzi, mnanaa ukanukia gizani
kila tulipougusa kwa viwiko.
Hatukuwa na la kuzungumza.
Aliuliza mara moja tu kama samaki humjua anayewalisha.
Nikamwambia wanajua kivuli.
Akanyamaza, akachota, akamwaga,
kisha akaitundika tochi ya simu nyuma yake, kwenye kamba ya nguo,
ili chake nacho kianguke majini.

Saa kumi na moja kasoro pampu ikakohoa, ikashika.
Bomba likatema mapovu, kisha maji,
na maji yakaanza kushuka tena kwenye kokoto
kwa wapangaji wapya, kama wapo bado.
Ngege watatu walikuwa wamegeuka tumbo juu.
Niliwatoa kwa chandarua, mmoja alikuwa mkubwa.
Nikapima: manjano,
yenye kijani kidogo pembeni, au macho yangu tu.
Leo hawatakula. Kesho nitapima tena.

Bwana Lusweti alisimama kizingitini, ameloa hadi magotini,
akisikiliza ule mngurumo.
"Kelele hizi," akasema,
akaenda kulala.